TULILIPA TIKITI, BASI TUNAYO HAKI YA KUSEMA



Kuna watu wanaosema kwamba kuhukumu filme ni kazi ya wenyi masomo makubwa. Mfanya kazi wa mgodi, mama wa sokoni, kijana anayeuza makaa kando ya njia, hao kazi yao ni kulipa, kukaa, kucheka, na kurudi nyumbani kulala. Sisi tunakataa neno hilo. Mtu aliyelipa chakula ana ruhusa ya kusema kwamba chumvi imekosa, hata kama yeye si mpishi. Na sisi tumelipa. Tumelipa kwa feza ya jasho, na mara nyingine tumelipa kwa kitu kilicho gali kuliko feza, maana tumetoka ndani ya giza la sinema tukijizarau wenyewe pasipo kujua sababu.

Sisi si walimu. Tumeangalia filme kwenye ukuta wa parokia, katika sale zenyi viti vya mbao, katika nyumba za video ambamo mashini ya umeme inapiga makelele kuliko bunduki za filme, na siku hizi kwenye telefone ndogo ya mkononi. Leo tunataka kusema zipi zilitufurahisha, zipi zilituuzi, na kwa sababu gani. Msomaji asiyekubali na apinge. Filme isiyoleta ubishi njiani wakati wa kurudi nyumbani ni feza iliyopotea.

CHARLOT ANAJUA KAZI

Tuanze na yule ambaye wazee wetu kambini walimpenda wote: Charlot, yaani Charlie Chaplin. Kati ya filme zake zote tunatia mbele Modern Times, ya mwaka wa 1936. Charlot ni mfanya kazi wa kiwanda. Vipande vya chuma vinapita mbele yake pasipo kusimama, na yeye sharti avikaze kimoja kimoja. Mkubwa anakaa ofisini na kuwaangalia wote. Hata Charlot akienda kuvuta sigara chooni, uso wa mkubwa unatokea ukutani na kumfukuza arudi kazini. Kisha wanaleta mashini ya kulisha watu, kusudi mfanya kazi ale pasipo kuacha kazi. Mashini inaharibika, inampiga mdomoni, inamwangia supu kifuani. Mwisho Charlot anaingia mwenyewe ndani ya meno ya mashini kubwa.

Watu wengine wanacheka tu. Sisi pia tunacheka, lakini kuna mahali ambapo kicheko chetu kinakwama. Ni pale Charlot anapotoka kazini na mikono yake inaendelea kukaza vyuma ambavyo havipo tena. Mtu ambaye ametumika siku nzima kwenye mashini ya kuponda mawe anajua jambo hilo. Anafika nyumbani, anashika kijiko, na mkono ungali unatetemeka. Mtoto anauliza: Baba, una baridi? Charlot hakupata kufika Katanga kuona mikono yetu, lakini aliiona.

Tunapenda vilevile ginsi anavyokamatwa. Bendera nyekundu inaanguka nyuma ya gari. Charlot anaiokota na kuipunga kusudi dereva asimame. Gafula nyuma yake wanatokea watu wenyi kugoma, na polisi wanamkamata yeye kama mkubwa wao. Ni watu wangapi kati yetu waliandikwa katika vitabu vya polisi kwa sababu ya namna hiyo? Filme hiyo karibu haina maneno, na kwa hiyo mtu wa luga yoyote anaielewa. Kwetu sisi, kiti cha kwanza ni chake.

SHERIA YA GIZA

Vijana wa leo hawajui kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mkongo hakuruhusiwa kuona filme aliyotaka. Amri ya serikali ya Wabeleji ya mwaka wa 1945 ilikataza kuwaonyesha Waafrika filme, isipokuwa zile zilizokubaliwa na kamati ya serikali. Hofu yao haikuwa fumbo. Mtu mweusi angemwona Mzungu amelewa, Mzungu anaiba, Mzungu anapigwa kofi na mke wake, na kesho yake angemwangalia bwana wake kazini kwa macho mengine.

Basi tulitengenezewa filme za namna yetu. Waliosimamia kazi hiyo walisema kwamba Mwafrika hafahamu filme inayokwenda mbio, kwa hiyo hadisi iwe fupi, mambo yapite polepole, na mwishoni mwenye zambi aazibiwe. Katika Kasai, padri Albert Van Haelst wa Wamisionari wa Scheut alitengeneza katika miaka ya 1950 vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, kama Laurel na Hardy wa Marekani.

Hapa tuseme kweli yote, tusiseme nusu. Watu walicheka sana na Matamata na Pilipili. Wale Wakongo wawili walijua kazi yao. Miili yao ilisema mambo ambayo padri hakuyaandika. Kucheka si zambi, na hatutawanyanganya wazee wetu furaha yao ya zamani. Tunachokataa ni ile fikara iliyokaa nyuma ya mashini: kwamba mtu mwenye mke na watoto, anayeshusha baruti ndani ya mgodi na kupanda hai, ni mtoto mbele ya kitambaa cheupe. Mtu anayeaminiwa kushika baruti hawezi kuaminiwa kushika hadisi?

TULISHANGILIA UPANDE GANI?

Sasa neno la aibu yetu wenyewe. Sisi tulipenda filme za cowboy. Tulizipenda kama wazimu. Katika Léopoldville ya miaka ya 1950 vijana walijiita Bill, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa kofia na vitambaa vya shingoni, wakagawana mitaa, wakatunga hata luga yao, Hindubill. Huku kwetu pia nani hakupata kupanda fimbo kama farasi na kupiga bunduki kwa kidole?

Katika sale, Wahindi wa Amerika walipotokea juu ya kilima, tulipiga kelele kumwonya cowboy: Angalia nyuma yako! Na waliposhindwa, tulipiga mikono. Miaka mingi ilipita mbele ya mtu mmoja kati yetu kuuliza, wakati wa kurudi nyumbani: Wandugu, nchi ile ilikuwa ya nani? Tulinyamaza wote. Mtu aliyekuwa akitetea mashamba ya babu zake, aliyedanganywa kwa karatasi zenyi alama ya kidole, aliyefukuzwa kusudi njia ya reli ipite, huyo ndiye tuliyemzomea. Tulilipa tikiti ili tumshangilie mwenye kutufukuza.

Hatusemi kwamba filme zile zichomwe. Farasi wanakimbia vizuri, na mtu anayesimama peke yake njiani kulinda wanyonge ni mtu mwema katika nchi zote. Tunasema tu: kijana akiziangalia leo, ajue anakaa upande gani wa kilima.

TEMBO WA MASIKIO YA BANDIA

Juu ya Tarzan hatuna maneno mengi. Filme iliyomfanya Johnny Weissmuller kuwa Tarzan ilitoka mwaka wa 1932. Weissmuller alikuwa mwogeleaji hodari kweli. Alipata medali 5 za zahabu za kuogelea katika Michezo ya Olimpiki ya 1924 na 1928, na akiingia majini hata sisi tunanyamaza kwa heshima. Lakini Afrika yake ilijengwa California. Tembo walikuwa wa Uhindi, wakabandikwa masikio makubwa ya bandia kusudi wafanane na wetu. Na Wambuti waliotokea humo walikuwa Wazungu wafupi waliopakwa rangi nyeusi.

Fikirini, wandugu. Afrika nzima ina watu, na mwenye filme anaona ni rahisi zaidi kupaka rangi. Mwaka wa 2016 walimrudisha Tarzan, na mara hii walisema wazi kwamba ni Kongo ya Leopold II, yenyi minyororo na azabu za mpira. Hiyo ni hatua mbele. Lakini nani aliyekuja kuwaokoa Wakongo? Tarzan tena! Mwisho wa hadisi tuliondoka tukiulizana kama hakukuwa na mwanaume mmoja wala mwanamke mmoja wa nchi ile aliyejua njia ya msitu wake.

MTO WETU ULIKODISHWA

Kuna filme mbili kubwa ambazo zilipigwa kweli ndani ya Kongo, na inafaa watu wajue. Ya kwanza ni The African Queen ya John Huston, ya mwaka wa 1951, na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu yake ilipigwa katika mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji unaoitwa leo Ubundu. Sehemu nyingine ilipigwa Uganda. Bogart alipata Oscar kwa kazi hiyo.

Tunaipenda filme ile. Ule mtumbwi wa mashini unaokohoa kama mzee, mlevi asiyenyoa ndevu, na dada wa misioni anayemwaga chupa zote za pombe mtoni: hao ni watu, tunawajua. Lakini hadisi inasema kwamba nchi ile ni Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Mto wetu ulikodishwa kwa jina la jirani. Na watu weusi tunawaona zaidi mwanzoni, wakiimba katika kanisa wimbo wasioufahamu, kisha nyumba zao zinachomwa na askari, kisha hawana sehemu tena katika hadisi. Wazungu wawili wanabaki kupendana juu ya maji. Nani alilia juu ya nyumba zilizochomwa? Filme haikuwa na nafasi.

Ya pili ni The Nun's Story ya Fred Zinnemann, ya mwaka wa 1959, na Audrey Hepburn. Walikuja Stanleyville, leo Kisangani, mwaka wa 1958. Ni habari ya Mbeleji kijana anayeingia utawa na kutumwa Kongo kuhudumia wagonjwa. Hapa pia Wakongo wanakaa nyuma zaidi. Lakini tunaiheshimu filme hii, na tutasema sababu. Ndani yake kuna mtu anayeambiwa kila siku: tii, usiulize, vunja mapenzi yako. Naye anajaribu kwa moyo wote, na dhamiri yake inakataa. Mwishoni anavua nguo za utawa, mlango unafunguka, anatoka peke yake njiani, na hakuna muziki hata kidogo. Ukimya ule ulitupiga. Watu waliofundishwa maisha yote kusema ndiyo bwana, ndiyo mkubwa, wanafahamu uzito wa mlango ule.

MTU MMOJA, FILME MBILI

Tunafika sasa mahali ambapo tunaomba wafanya kazi wa mgodi watusikilize vizuri.

Kuna filme fupi inayoitwa Misère au Borinage. Ilitengenezwa mwaka wa 1933 na Mbeleji Henri Storck na Mholandi Joris Ivens. Borinage ni inchi ya makaa ya mawe katika Ubeleji. Mwaka wa 1932 wafanya kazi wa huko waligoma, na baada ya mgomo wengi walifukuzwa kazini na katika nyumba zao. Filme inaonyesha watoto wanaolala wengi juu ya kitanda kimoja. Inaonyesha wanawake wanaookota mabaki ya makaa juu ya kilima cha takataka, wakati makaa mazuri yamelundikana pasipo mnunuzi. Inaonyesha watu wa serikali wanaokuja kuuzisha vyombo vya mtu mwenye deni, na majirani wote wanaingia nyumbani mwake, kila mmoja anakaa juu ya kiti, juu ya meza, juu ya kitanda, hata hakuna chombo kinachoweza kutoka.

Siku tuliyoiona, mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya ardi miaka mingi alisema: Kumbe hao nao walikuwa hivi? Alikuwa amemjua Mbeleji wa namna moja tu, Mbeleji wa kofia nyeupe na soksi ndefu. Hakuna mtu aliyemwonyesha Mbeleji mwenye uso mweusi kwa makaa, mwenye kukohoa, mwenye kudaiwa kodi ya nyumba. Sasa tunafahamu kwa nini kamati ilichagua filme za kutuonyesha. Kilima cha Borinage kinafanana mno na kilima cha Lubumbashi.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwaka wa 1958 ilitoka filme nyingine, Les Seigneurs de la forêt, iliyosaidiwa na mfalme wa zamani Leopold III. Ni filme ya rangi juu ya Kongo yetu, misitu, volkano, sokwe, ndege, na watu wa vijiji na ngoma zao. Ni nzuri kwa macho, hatukatai. Sokwe mkubwa tulimwona vizuri kuliko tulivyopata kumwona. Na mkubwa wa kazi ile alikuwa nani? Henri Storck, yuleyule wa Borinage.

Hatumtukani. Mtu anatafuta feza ya kazi yake mahali ilipo. Lakini tunauliza: mtu yule alipokuwa kwao aliona mgodi, njaa na mgomo. Alipogeukia kwetu akaona msitu. Mwaka wa 1958 Élisabethville, Jadotville na Kolwezi zilikuwa tayari miji ya viwanda, na moshi wa kiwanda ulionekana mbali. Je, moshi ule haukuingia katika filme kwa kuwa macho hayakuuona, ao kwa kuwa mwenye feza hakuutaka? Msomaji ajibu mwenyewe.

WANAWAKE WA NEW MEXICO, NA UWANJA WETU WA MPIRA

Filme nyingine ya wachimbaji ni Salt of the Earth, ya mwaka wa 1954, iliyotengenezwa na Herbert Biberman. Ni habari ya kweli ya mgomo katika mgodi wa zinki huko New Mexico, Marekani, kati ya 1950 na 1952. Wafanya kazi wenyi asili ya Mexico walipata mshahara na nyumba duni kuliko Wazungu. Hakimu alipokataza wanaume kusimama mbele ya mgodi, wake zao walisimama mahali pao, wakapigwa moshi wa machozi, wakatiwa gerezani na watoto wao, wakaimba humo ndani hata walinzi wakachoka. Wachezaji wengi walikuwa wachimbaji wa kweli na jamaa zao. Mchezaji mkubwa mwanamke, Rosaura Revueltas, alikamatwa na kurudishwa Mexico mbele ya kazi kwisha, na sale nyingi za Marekani zilikataa kuionyesha.

Wanaume wa Katanga, iangalieni pamoja na wake zenu. Kuna mahali ambapo wanawake wanaomba maji moto ndani ya nyumba, na wanaume wanasema: hilo ni neno dogo, tutalitia mwisho wa orodha. Kisha wanaume wanabaki nyumbani, wanapasua kuni, wanachemsha maji, wanafua nguo, na jioni ya kwanza wanatambua kwamba neno lile si dogo. Sale yetu ilijaa kicheko siku ile, lakini ni akina mama waliocheka zaidi, na akina baba walitazama viatu vyao.

Sasa tuseme jambo linalotuuma. Borinage wana filme yao. New Mexico wana filme yao. Wachimbaji wa Ufaransa wana Germinal, ambayo Claude Berri aliitengeneza mwaka wa 1993 kwa kitabu cha Émile Zola. Sisi tuna nini?

Mwaka wa 1941 vita ilikuwa imepandisha bei ya vitu, na shaba ya Katanga ilihitajiwa kwa ajili ya vita ile. Wafanya kazi waliomba nyongeza ya mshahara, wakagoma. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanya kazi wa Union Minière walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Askari walipiga risasi. Makumi ya watu walikufa, kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake. Katika miaka yetu yote ya kuangalia, hatujaona hata filme moja kubwa ya mchezo inayosimulia siku ile. Cowboy akianguka juu ya farasi wake tunamlilia. Mpoyi alianguka juu ya majani ya uwanja wetu, na watoto wanaocheza mpira katika mji huu wengi hawajui jina lake.

JAMAICA WANAITA KATANGA

Si kwamba dunia haikutumia jina letu. Mwaka wa 1968 ilitoka filme ya vita ambayo Wafaransa waliiita Le Dernier train du Katanga. Treni inakwenda katikati ya Kongo na askari wa kukodiwa, kuokoa Wazungu na almasi. Treni ile ilipigwa picha Jamaica! Sisi tunaojua kila kona ya reli yetu tuliangalia milima na miti, tukaulizana ni stesheni gani hiyo.

Mwaka wa 2016 ikatoka The Siege of Jadotville, juu ya askari wa Irlande wa Umoja wa Mataifa, karibu watu 150, waliozungukwa Jadotville mwezi wa Septemba 1961 na kupigana siku kadiri mpaka maji na risasi zikawaishia. Kwao walirudi na kuonekana kama watu wa aibu, na miaka mingi ilipita mbele ya kuheshimiwa. Filme hii tunaisifu kwa sehemu, maana kumrudishia askari heshima yake ni kazi njema. Lakini ilipigwa Afrika ya Kusini, na Jadotville yake si Likasi. Mtu anaweza kuiangalia tangu mwanzo mpaka mwisho pasipo kujua kwamba mji ule ulikuwa na shule, hospitali, soko, na maelfu ya jamaa waliojificha chini ya vitanda vyao siku zile. Mji wote umekuwa ukuta wa kulenga risasi.

ZILIZOTUSIMAMISHA

Tusiwe watu wa kulalamika tu. Zimo filme zilizotusimamisha kwenye viti.

Lumumba, ya Raoul Peck, ya mwaka wa 2000, ni moja. Peck ni mtu wa Haiti, lakini alikulia kwetu Léopoldville. Kongo ilikuwa katika vita, basi filme ilipigwa Zimbabwe na Mozambique. Mtu atasema: nanyi mmekubali sasa nchi ya kukopa? Ndiyo, tumekubali, maana hapa nchi ilikopwa kwa lazima, na roho ya hadisi haikukopwa. Eriq Ebouaney anapotoa maneno ya tarehe 30 Juni 1960 mbele ya mfalme Baudouin, sale yetu ilinyamaza, kisha mzee mmoja akaanza kuyasema pamoja naye. Ila filme inakwenda mbio mno. Mtu asiyejua majina anapotea njiani. Lakini wale waliouawa tarehe 17 Januari 1961, Lumumba, Mpolo na Okito, waliuawa katika ardi hii ya Katanga. Tulitoka nje tukaangalia usiku wa mji wetu kwa macho mengine.

Ya pili ni ya furaha: La Vie est belle, ya Mweze Ngangura na Benoît Lamy, ya mwaka wa 1987. Papa Wemba ni kijana wa kijijini anayekuja Kinshasa kutafuta muziki, anapata kazi ya boyi, na anampenda msichana ambaye bwana wake mwenyewe anamtaka kuwa mke wa pili. Hakuna Mzungu wa kutuokoa, hakuna Tarzan. Watu wanadanganyana, wanacheza, wanakula, wanapendana. Ni kweli kwamba umaskini umefunikwa kidogo na nguo nzuri. Lakini baada ya filme nyingi ambamo mtu mweusi anakufa ao anabeba mzigo, kumwona anaimba ni dawa.

Ya tatu ni fupi, dakika 10 tu: Machini, ya mwaka wa 2019. Tétshim na Frank Mukunday, vijana wa Lubumbashi, waliifanya kwa mawe madogo na chaki, wakiyasogeza polepole mpaka mawe yakawa watu. Mawe yanafanya kazi, kiwanda kinatoa moshi, mawe yanaugua. Hawakungoja California. Walichukua mawe ya nchi yetu wenyewe, yale yanayopakiwa katika magari kila siku kwenda ngambo, na mara moja mawe yakasema kwa ajili yetu.

NENO LA MWISHO

Ndugu zetu, sale nyingi za sinema zilifungwa, nyingine zikageuka nyumba za sala. Leo kila mtu anaangalia peke yake ndani ya telefone, na hakuna wa kubishana naye. Hiyo ndiyo hasara tunayoiona kuliko zote. Filme ile ya cowboy isingetufungua macho kama tusingerudi nyumbani kwa mguu, watu kumi, tukiulizana njia nzima.

Basi tunashauri. Jumamosi moja kwa mwezi, katika kila mtaa, mwenye televizyo nzuri aifungulie majirani. Mama alete viazi, kijana alete filme, mzee akae mbele. Kisha mtu asiondoke kabla ya kuulizana maneno manne. Filme hii ilipigwa wapi? Nani alilipa? Nani anasema, na nani amenyamaza? Na sisi tulikaa upande gani wa kilima?

Na neno moja zaidi. Wamebaki wachache wanaokumbuka mambo ambayo baba zao waliwasimulia juu ya uwanja ule wa 1941. Vijana wana telefone zenyi kupiga picha na kushika sauti. Kijana, usipige picha ya viatu vyako leo. Kaa mbele ya mzee wako, umwombe razi, fungua mashini, na umwache aseme. Filme kubwa itakuja siku itakayokuja. Lakini ikija siku wazee wamekwisha kwenda, wataipiga Jamaica, na sisi tutalipa tikiti tena kwenda kuona hadisi yetu bila sisi wenyewe ndani yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuangalie pamoja.